Analia akiona daftari la Hisabati: uanzie wapi

Swali: Shikamoo mwalimu. Naishi Uyole, Mbeya, na ninauza viazi na mchele Mwanjelwa. Mwanangu wa kiume ana miaka tisa, yuko Darasa la Tatu. Kusoma anasoma vizuri, ila akiona daftari la Hisabati anaanza kulia. Anahesabu kwa vidole chini ya meza. 52 kutoa 27 anaandika 35, nikimwambia arudie anaandika 35 tena. Nimebandika chati ya jedwali la kuzidisha ukutani, anaiimba yote, lakini ukimuuliza saba mara nane hajui. Nimemchapa, nimemwahidi zawadi, wapi. Dada yake wa Darasa la Sita ndiye anayemfundisha, na yeye mwenyewe analalamika kwamba MAGAZIJUTO (Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa) inamchanganya. Nifanyeje hesabu ziwe kitu cha kufurahia hapa nyumbani? Muda wangu ni jioni tu, na hela ya vifaa sina.

Jibu: Marahaba, mama. Tuanzie kwenye hiyo 35, kwa sababu hapo ndipo pana habari nyingi kuliko kwingine kote ulikoeleza.

Mtoto hakubahatisha. Alitazama safu ya mamoja, akaona 2 juu na 7 chini, akatoa ndogo kwenye kubwa: 7 kutoa 2 ni 5. Akaja kwenye makumi, 5 kutoa 2 ni 3. Ana kanuni yake, na kanuni hiyo imemfaa muda mrefu, maana hesabu za kutoa za mwanzo huwa za aina ya 58 kutoa 23, ambazo tarakimu ya juu ndiyo kubwa kila mara. Ukimwambia arudie, anaifuata kanuni ileile kwa uangalifu zaidi na kupata 35 ileile. Fimbo na zawadi zote zinamdai aongeze bidii, wakati bidii anayo. Anachokosa ni picha ya 52 kichwani. Kwake ni 5 na 2 zilizokaa jirani. Mafungu matano ya kumi na mamoja mawili hajayaona bado.

Na hapo ndipo furaha inapopotelea. Mtoto hupenda anachokiweza, na akishakiweza kidogo hukitafuta mwenyewe. Pipi juu ya hesabu asiyoielewa inabaki kuwa pipi tu. Kwa hiyo kwa wiki kadhaa acha hesabu za Darasa la Tatu jioni (za shuleni aendelee nazo shuleni), mrudi nyuma mpaka mahali anapokanyaga bila kutetereka, kisha mpande pamoja.

Mahali hapo utapajua kwa dakika kumi, bila kalamu, mkiwa mmekaa mkekani. Mwagia maharage manne mbele yake, yafunike kwa kiganja baada ya sekunde moja, uulize yalikuwa mangapi. Manne anatakiwa ayaone kwa kutupia jicho. Kisha muulize 8 na 5 ni ngapi, na usitazame jibu, tazama njia: anaanza moja, mbili, tatu mpaka kumi na tatu? Anaanza nane na kuendelea tisa, kumi? Au anajaza kumi kwanza? Mwisho mtajie “mia tatu na nne” aandike. Wengi huandika 3004, kwa sababu wameandika walichosikia: mia tatu, halafu nne. Kwa mtoto wako nakisia utakuta njia ya pili kwenye 8 na 5, yaani anaendelea kuhesabu moja moja kutoka nane. Ndiyo sababu ya vidole.

Vidole hivyo virudishe juu ya meza leo hii. Mtoto anayeficha mikono anafanya kazi mbili kwa wakati mmoja, kuhesabu na kujilinda asionekane, na ya pili inaila ya kwanza. Mwambie vidole ni halali, ila vitumike kwa akili: 7 ni mkono mmoja mzima na viwili, inyanyuliwe mara moja bila kuhesabu kimoja kimoja. Mchezeshe, “Nionyeshe nane! Nionyeshe sita!” akiwa anakusaidia kumenya viazi. Siku atakapoona nane na papo hapo akaona vidole viwili vilivyolala, ameshaanza kuiona kumi.

Mchezo wa kwanza ni kikombe. Chukua maharage matano na kikombe cha bati kisichopitisha mwanga. Yaweke wazi, myahesabu pamoja, mtoto afumbe macho, uyafunike baadhi. “Mangapi yamejificha?” Akisema, inua kikombe, jibu lionekane lenyewe. Huna haja ya kusema umepata au umekosa, maharage yanasema. Baada ya raundi tano mpe kikombe akufiche wewe. Mara moja moja kosea kwa makusudi uone kama atakukamata, na akikukamata mwulize alijuaje. Mkizoea matano, nendeni saba, halafu kumi, na kwenye kumi mkae muda mrefu, hata wiki mbili, mpaka jozi zote tano zitoke bila kufikiri: 9 na 1, 8 na 2, 7 na 3, 6 na 4, 5 na 5. Raundi ishirini ni dakika tano hivi. Kosa ambalo wazazi hulifanya hapa ni kuruka haraka kwenda maharage ishirini wakidhani mchezo unakuwa mgumu zaidi na wa maana zaidi. Yakiwa mengi mtoto hawezi tena kuyaona, anarudi kuhesabu moja moja, na kazi yote ya kikombe imepotea. Kosa la pili ni kuendelea baada ya mtoto kuchoka. Simamisheni angali anataka raundi nyingine.

Kikombe kikishazoeleka, tafuta trei la mayai. Muuza chipsi yeyote wa Uyole ana rundo la matupu. Chagua la karatasi ambalo halikuvunjikiwa yai, lianike juani siku nzima, na mnawe mikono mkimaliza kucheza. Trei lina vishimo 30, safu sita za vitano vitano. Kata kila baada ya safu mbili. Utapata vipande vitatu, kila kimoja kina safu mbili za vishimo vitano, yaani kumi kamili. Vizibo vya soda ndivyo vitakavyokaa humo.

Tuseme ni 8 na 5. Vizibo nane viingie kipande cha kwanza, safu ya juu ikijaa kwanza: vitano juu, vitatu chini, vishimo viwili vimebaki tupu na vinaonekana. Vitano viwekwe kipande cha pili. Muulize, “Tuhamishe vingapi ili hiki kijae?” Atahamisha viwili, vitabaki vitatu. Sasa aseme anachokiona: kumi, na tatu. Kiswahili hapa kinatupa jibu bure, maana kumi na tatu ndilo jina lenyewe la namba. Anza na hesabu za 9 (9 na 4, 9 na 7, 9 na 6), kwa sababu ni kizibo kimoja tu kinachohama, kisha za 8, halafu za 7. Hesabu sita kwa jioni zinatosha.

Tatizo linalojitokeza mara nyingi: mtoto anajaza kipande vizuri, halafu anarudi kuhesabu vizibo vyote kuanzia moja. Bado hajakiamini kile kilichojaa kuwa ni kumi. Usimkaripie, kifunike kwa kitambaa cha jikoni. “Humu mna ngapi?” Kumi. “Haya, endelea kutoka hapo.” Baada ya siku tatu nne kitambaa hakitahitajika. Baada ya wiki hivi ondoa na trei lenyewe, mwambie afumbe macho alione kichwani.

Sasa turudi kwenye 52, na hapa lugha yetu inahitaji kusaidiwa kidogo. Mpaka kumi na tisa jina la namba linasema lilivyoundwa. Kuanzia ishirini halisemi tena. Ishirini, thelathini, arobaini na hamsini ni maneno tuliyoyapokea kutoka Kiarabu na hayamkumbushi mtoto mbili, tatu, nne na tano. Sitini, sabini na tisini zinafanana na sita, saba na tisa kwa kuwa nazo zimetoka hukohuko, lakini themanini na nane hazina undugu wowote. Mtoto anayesikia “hamsini na mbili” hasikii tano popote. Kwa hiyo kila mkitaja namba jioni, itajeni mara mbili: hamsini na mbili, makumi matano na mamoja mawili. Inachosha kwa siku mbili, halafu inakuwa kama wimbo.

Vifaa vya kazi hii ni vijiti mia moja, urefu wa kidole cha kati. Mianzi iliyopasuliwa ni mizuri kwa sababu haivunjiki, lakini parura kingo zake kwanza zisimchome. Afunge yeye mwenyewe makumi kumi, kwa rababendi au kamba ya mgomba. Usimpe yaliyokwisha kufungwa. Kufunga ndiko kunakomhakikishia kuwa kila fungu ni kumi kweli. Kisha mcheze duka. Ana 52: mafungu matano na vijiti viwili. Wewe mteja unasema, “Nipe ishirini na saba, makumi mawili na mamoja saba.”

Atakupa mafungu mawili bila shida. Halafu atatazama vijiti vyake viwili. Hapo nyamaza, hesabu ishirini kimoyomoyo, na dada yake naye anyamaze. Atakwambia hana, havitoshi. “Huna kweli?” Ataangalia mafungu yaliyobaki, ataligusa moja, atakutazama kama anaomba ruhusa. Akishalifungua ana vijiti kumi na viwili mkononi, anakuhesabia saba, vinabaki vitano, na pembeni yamebaki mafungu mawili. Ishirini na tano. Ile alama ya kukata 5 na kuandika 4 juu yake, ambayo mwalimu huifanya ubaoni, ni kufungua fungu. Lakini usiiandike siku hiyo. Mcheze hivi siku tatu, hesabu tatu kila siku, ndipo siku ya nne uandike kwenye karatasi kile mkono wake unachofanya, hatua kwa hatua, huku akifanya. Mkono utangulie, kalamu ifuate.

Changanya hesabu. Kama zote zinadai kufungua fungu, mtoto atafungua kila mara, hata kwenye 67 kutoa 34, na utakuwa umembadilishia kanuni moja ya upofu kwa nyingine. Mpe 61 kutoa 38 (23), halafu 67 kutoa 34 (33), halafu 50 kutoa 26 (24). Hiyo yenye sifuri ndiyo itakayokuonyesha kama ameelewa. Kabla hajagusa vijiti muulize swali moja tu: “Hapa utafungua au hutafungua?”

Kwa 304 na zile 3004, kata karatasi ngumu: ndefu iandikwe 300, ya kati 40, fupi 4. Zipandanishe upande wa kulia zikiwa zimelingana. Mia tatu na nne ni 4 iliyolala juu ya sifuri ya mwisho ya 300, na macho yanaiona. Dakika mbili kwa siku, wiki moja.

Una darasa lingine zuri kuliko vijiti, nalo ni fedha ya sokoni. Sarafu kumi za mia ni noti ya elfu moja, noti kumi za elfu ni noti ya elfu kumi. Mtoto anayeijua hela anayajua makumi, mamia na maelfu bila kujua kuwa anayajua. Na wewe kila siku unarudisha chenji kwa njia ambayo daftari haimfundishi. Mteja akinunua vya 6,500 akakupa elfu kumi, huandiki 10,000 kutoa 6,500 na kuhangaika na sifuri. Unasema: jero, elfu saba, elfu tatu, kumi. Umepanda kutoka bei mpaka hela uliyopewa, na ulichopanda ndicho chenji, 3,500. Mfundishe hivyo hivyo kwenye 52 kutoa 27: kutoka 27 mpaka 30 ni 3, mpaka 50 ni 20, mpaka 52 ni 2, jumla 25. Njia ya safu aiandike daftarini kama mwalimu anavyotaka, na hii aitumie kuhakiki. Jibu likipishana, amegundua kosa lake kabla mtu mzima hajaliona, na hilo kwa mtoto mwenye machozi ni jambo kubwa. Ila mcheze nyumbani kwanza. Kumkabidhi chenji mbele ya wateja wenye haraka Jumamosi mchana ni kumrudisha kwenye hofu. Kazi inayomfaa sokoni kwa sasa ni ya karani: kila sado inayouzwa apige kistari, cha tano kikate vinne. Jioni ahesabu kwa matano, na kwa kuwa sado tano ni debe moja, kila kifungu cha vistari ni debe limeondoka. Hesabu hiyo ina maana, mama mwenyewe anaisubiri.

Chati ya ukutani ibandue kwa muda. Anaiimba kwa sababu ni wimbo, na wimbo una mlango mmoja tu, wa mwanzo. Kufika saba mara nane lazima aanzie saba mara moja. Tena chati inamwonyesha vyumba 100 na kumtisha bure. Geuza trei zima la mayai mbele yake: upande huu ni safu sita za vitano, likizungushwa ni safu tano za sita, na vishimo ni vilevile 30. Kwa ugeuzaji huo tu zile 100 zinakuwa 55. Ondoa zote zenye 1, 2, 5 na 10, ambazo kwa kawaida mtoto wa umri wake anazijua au atazijua kwa wiki moja. Zimebaki 21. Hizo 21 nazo, isipokuwa moja, zina ngazi. Mara nne ni maradufu ya maradufu. Mara nane ni maradufu ya mara nne: saba mara nne 28, kwa hiyo saba mara nane ni 28 na 28, 56. Mara sita ni mara tano na moja zaidi. Mara tisa ni mara kumi ukipunguza moja: tisa mara saba ni 70 kutoa 7. Mara tatu ni maradufu na moja. Mkifika mwisho mtakuta 7 mara 7 ndiyo pekee isiyo na ngazi, 49 aikariri tu. Tatu mpya kwa wiki, si zaidi, na ulize kwa kurukaruka, usimpe mfuatano. Wiki saba mmemaliza.

Sasa michezo yenyewe, ambayo nadhani ndiyo uliyoitaka tangu mwanzo. Mwezi wa sita na wa saba baridi ya Uyole inawaweka wote jikoni, na mara nyingi kuna mahindi ya kupukuchua. Mpe hindi ambalo halijapukuchuliwa, weka alama ya mkaa kwenye mstari mmoja wa punje, ahesabu mistari kuzunguka mpaka arudi kwenye alama. Atapata 14. Mpe jingine, 12. Jingine, 16. Muulize amegundua nini. Mwache ahangaike na mahindi matano sita kabla hujamsaidia: hakuna lenye mistari 13, hakuna lenye 15. Kwenye hindi changa maua hukaa mawili mawili, kwa hiyo mistari ya punje huja kwa jozi na idadi yake huwa shufwa, yaani inagawanyika kwa mbili. Atakuletea la 15, uwe na hakika, akishangilia kuwa amekushinda. Rudieni kuhesabu katikati ya hindi, kwani kwenye ncha mistari hupotea pale punje zilipokosa chavua, na bila alama ya mkaa ni rahisi kuhesabu mmoja mara mbili. Akishaamini, mpeleke mbele: mstari mmoja una punje ngapi? Kama ni 30 na mistari ni 14, hindi zima lina kama ngapi? Kumi mara thelathini ni 300, nne mara thelathini ni 120, kama 420. Halafu pukuchueni mhesabu kwa vifungu vya kumi kwenye sinia. Akikosea kwa punje ishirini, amekadiria vizuri sana, mwambie hivyo, maana watoto wengi hudhani kukadiria ni kukosea.

Mdako anaujua tayari. Kawaida unarusha kijiwe juu, unakomba mawe kutoka shimoni, unadaka. Unarusha tena, unarudisha yote ila moja. Ongeza sharti moja: kabla ya kurusha kwa kurudisha, aseme yako mangapi nje na mangapi shimoni. Kwa mawe kumi, ni kile kikombe cha maharage kilichohamia uani. Wakishazoea, badala ya kubakiza moja wabakize mawili, baadaye matatu. Msimu wa mvua shimo linageuka tope, hivyo chora duara la chaki sakafuni.

Karata zinafaa kwa sababu ya bahati: mdogo anaweza kumshinda dada yake. Toa zenye picha, zibaki 40, moja mpaka kumi. Kila mtu afunue mbili, azijumlishe, mwenye nyingi achukue zote nne. Kama nyumbani karata zinahesabiwa kuwa kamari, kata maboksi ya biskuti muandike namba moja mpaka kumi mara nne. Bao lenye mashimo 32 na kete 64 likiwepo kwa jirani, sheria zote zinaweza kusubiri; muulize tu kabla hajasambaza, “Kete zako tano zitaishia shimo gani?” Michezo ya simu siipingi, ila mingi inapima kasi, na mtoto wako kwa sasa hahitaji saa inayomkimbiza.

Kwa kuwa nimeitaja saa: simu inaandika 07:00, wewe unamwambia saa moja, na yeye anadhani amekosea kusoma. Mchoree saa ya mishale. Saa tunayoitaja kwa Kiswahili iko upande wa pili kabisa wa namba ambayo mshale mfupi unaigusa: 7 inatazamana na 1, 9 inatazamana na 3, 12 inatazamana na 6. Hapo hahitaji kutoa sita kichwani.

Dakika kumi na tano kwa siku, siku tano za wiki, baada ya kula na kabla usingizi haujamzidi. Neno “umekosa” libadilishe na “umepataje?”, na uliulize hata anapopata, la sivyo atajifunza kuwa swali hilo maana yake ni kosa. Hesabu zisiwe adhabu ya kuchelewa dukani. Na wewe, hata kama zilikutesa shuleni, usimwambie. Mbele yake wewe ndiye mama anayerudisha chenji bila kukosea. Dada yake mpumzishe kufundisha, awe mchezaji. Mwalimu wa darasa mwone siku moja, mweleze kwa kifupi kwamba mnafanyia kazi kutoa kwa kuchukua, umwombe akufahamishe mada ya wiki mbili zijazo. Ana watoto wengi, ombi likiwa moja linasikilizwa. Ikiwa baada ya miezi miwili bado hawezi kuona maharage matatu au manne bila kuyahesabu, au ukigundua ananakili ubaoni kwa kubahatisha, mpeleke hospitali apimwe macho na masikio.

Sasa yule dada. MAGAZIJUTO inamchanganya kwa sababu herufi zinadanganya mahali pamoja. Mabano kwanza ni kweli. Kugawanya na kuzidisha vina cheo kimoja, na kama vyote vimo hufanywa kuanzia kushoto kwenda kulia. Hapa akifuata herufi na kugawanya kwanza, jibu halitaharibika. Kujumlisha na kutoa nazo zina cheo kimoja, lakini hapa herufi zitamponza. Kwenye 20 − 8 + 5, anayetanguliza JU anajumlisha 8 na 5 kuwa 13, anatoa, anapata 7. Jibu ni 17. Mwambie aisome kama hela: ulikuwa na elfu ishirini, ukatumia nane, ukauza ukapata tano. Kisha mpe 30 − 12 + 6 na 50 − 20 − 10 + 5. Akileta 24 na 25, amepona; akileta 12 na 15, bado anasoma herufi, mrudishe kwenye hela.